Siku moja ya mtunga mashairi: kuanzia kituo, si mstari wa kwanza

Tanga, Jumatano. Kazi iliyo mezani ni shairi la kumuaga mwalimu anayestaafu: beti 7, mishororo 4 kila ubeti, mizani, yaani silabi, 16 kila mshororo, 8 ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 utao (kipande cha pili). Litaghaniwa Jumamosi na mwanafunzi wa darasa la sita. Mgawo wangu ni kituo (mshororo wa mwisho unaorudiwa kila ubeti) na beti 2 leo, 3 kesho, 2 Ijumaa asubuhi, ili jioni yake mghani apate kujizoeza.

Saa 11:00 alfajiri. Daftari kabla ya simu. Kwa dakika kumi naandika vitu vilivyoonekana jana, na viwe vitu hasa: ndoo iliyopasuka ukingoni, kijana anayepuliza jiko la mkaa kwa mfuniko wa sufuria. Hisia siziandiki. Neno "huzuni" halizai mshororo, ila mfuniko wa sufuria unaweza kuzaa. Siku nyingi hakuna hata kimoja kinachoingia kwenye shairi la siku hiyo, na haidhuru. Mkono umeshaamka.

Saa 1:00 asubuhi. Chai, kisha simu kwa walioagiza. Anayeagiza shairi hukupa sifa tupu: mpole, mchapakazi, mlezi. Ukianza nazo utakwama ubeti wa pili, maana sifa hizo zinamfaa mwalimu yeyote. Kwa hiyo nauliza matatu: alishika nini kila siku, alifanya nini ambacho wengine hawakufanya, na nani atalisoma shairi. Majibu ya leo ni mazuri mno. Alivuka vijito vitatu kwa miguu kuja shuleni, na hakuingia darasani kabla ya kufuta viatu. Na chaki, bila shaka. Hapo ilhamu imeshapatikana, imebaki kazi.

Saa 2:30. Naanza na kituo. Wengi huanza na mshororo wa kwanza, wakifika wa nne wamechoka, kituo kinakuwa kiraka. Nacho ndicho kitakachosikika mara saba! Baada ya majaribio kama kumi na mawili:

*Mwalimu umeondoka, chaki imebaki kwetu.*

Mwa-li-mu-u-me-o-ndo-ka, nane. Cha-ki-i-me-ba-ki-kwe-tu, nane. Kina, yaani silabi inayofunga kila kipande: cha kati *ka*, cha mwisho *tu*.

Sasa hesabu ya vina, kabla ya kuandika neno jingine. Nikitaka mtiririko, yaani vina vile vile beti zote, nahitaji maneno 22 ya kila kina: mishororo 21 pamoja na kituo. *Ka* haina shida, vitenzi vimejaa tele. *Tu* naipanga ukurasani: watu, utu, vitu, viatu, msitu, mitatu, kutu, chatu, butu, katu, upatu. Baada ya hapo zinaanza wetu, yetu, chetu, zetu, ambazo ni neno moja lililobadilishwa nguo. Msikilizaji hulitambua ubeti wa tatu tu. Basi shairi litakuwa ukara: *ka* inabaki katikati hadi mwisho, kina cha mwisho kinabadilika kila ubeti, isipokuwa kwenye kituo. Uamuzi huu huchukua robo saa na huokoa siku nzima. Mara nyingi mtunzi anayelalamika kwamba ilhamu imekata, kilichokatika ni vina.

Saa 4:00. Ubeti wa kwanza. Mshororo unakuja hivi: *Umande ulipodondoka*. Nahesabu kwa vidole: u-ma-nde, tatu, u-li-po-do-ndo-ka, sita. Tisa. Nikiuacha ni guni, mshororo uliovunja mizani, na mghani atajikwaa palepale mbele za watu. Nabadilisha *-lipo-* kwa *-ki-*: *Umande ukidondoka*. Nane. Na maana imenyooka pia, kwa sababu *ulipodondoka* ni asubuhi moja, *ukidondoka* ni kila asubuhi. Nazipenda sana mizani kwa jambo hili: hukulazimisha kurudi kwenye neno ulilodhani umemalizana nalo.

Saa 5:30. Nimekwama mshororo wa tatu. Kufungua simu kusoma mashairi ya wengine sasa ni kosa, kituo cha mwenzako kitakuganda sikioni na utakitunga upya bila kujua. Natoka kwenda Ngamiani, mtaa wa hapa Tanga, mikono mitupu, nusu saa, nikighani kimoyomoyo. Dukani kanga zimetundikwa na majina yake yanasomeka ukiwa ng'ambo ya barabara. Mtunzi ayasome. Jina la kanga lina maneno machache tu na linabeba ugomvi mzima wa nyumba.

Saa 7:00. Chakula, usingizi kidogo. Baada ya kula situngi. Nanakili kwa mwandiko safi. Ubeti umetimia:

*Umande ukidondoka, wavuka mito mitatu,*
*Darasani ukifika, wafuta vyako viatu,*
*Ubaoni waandika, somo la kujenga utu,*
*Mwalimu umeondoka, chaki imebaki kwetu.*

"Vyako viatu" badala ya "viatu vyako" ni kuboronga sarufi, ruhusa ya mtunzi. Mara moja katika ubeti inatosha.

Saa 10:00 jioni. Ubeti wa pili, haraka zaidi, kwa kuwa uamuzi wa vina umeshafanyika.

Saa 1:00 usiku. Mtu mwingine asome kwa sauti, nami nisikilize bila karatasi. Jirani anasoma vizuri hadi kwenye kituo, ananyamaza. "Kwani mwalimu amefariki?"

Ndivyo. *Umeondoka*, kwa mtu aliye hai na ameketi kiti cha mbele, ni neno la matanga. Najaribu *wapumzika*: wa-pu-m-zi-ka, silabi tano, mizani inakaa, lakini msiba umezidi. Kina lazima kibaki *ka*. Sifika, heshimika... hatimaye:

*Mwalimu umetukuka, chaki imebaki kwetu.*

Tatu na tano, nane. Sasa anaweza kusikia mara saba na kutabasamu mara saba.

Saa 3:00 usiku. Nafunga kazi katikati ya mshororo kwa makusudi. Ukimaliza ubeti ukalala, alfajiri unakabili ukurasa mweupe. Ukiacha nusu, sikio linadai nusu nyingine kabla hujanawa uso. Ubeti wa tatu nimeuanza kwa ukwapi mmoja, utao sijauandika:

*Mkono ukitushika,*