Miyazaki Hauzi Ugumu

Taja gemu za FromSoftware, studio ya Japani, kwenye kijiwe chochote cha wachezaji, jibu ni lile lile: ngumu. Kisha kila mtu ataleta kisa chake cha bosi, yaani adui mkubwa wa gemu, aliyemtoa jasho usiku kucha. Hata wauzaji wenyewe waligundua kuwa neno hilo ni chambo. Gemu yao ya Dark Souls ilipoletwa kwenye kompyuta mwaka 2012, toleo hilo lilipewa jina la kukuambia ujiandae kufa.

Mimi nabisha. Nazicheza gemu hizi miaka sasa, kwenye PS4 ya mtumba ambayo majirani wanaijua kwa mngurumo wa feni yake, na naona Hidetaka Miyazaki, mtu aliyeipa studio ile sura iliyo nayo leo, hauzi ugumu. Anachouza ni pengo. Anaacha kitu bila kukisema, halafu anakungoja. Ugumu ni njia yake moja ya kukufanya usimame na uangalie vizuri, basi.

Ukitaka kujua pengo hilo limetoka wapi, anza na utoto wake. Alikulia Shizuoka, Japani, kwao hakukuwa na pesa ya kununua vitabu, akawa anaazima maktaba. Vingi vilikuwa vigumu kuliko umri wake. Akifika mahali haelewi, anaitazama picha iliyo kwenye ukurasa na kujitungia mwenyewe kilichobaki. Amelieleza hili mara nyingi kwenye mahojiano. Ukishalijua, gemu zake unazisoma upya, maana sisi wachezaji ametukalisha pale pale alipokuwa amekaa yeye na kitabu chake kisichoeleweka.

Hakuanza na gemu. Alisoma sayansi ya jamii Chuo Kikuu cha Keio, akaajiriwa Oracle, ajira ambayo wazazi wengi wangeipigia vigelegele. Rafiki akamfungulia Ico, gemu ya mwaka 2001 ya Fumito Ueda. Humo mvulana anamshika mkono msichana ambaye lugha yake haielewi, na kwenye skrini hakuna mistari ya uhai wala namba zozote. Miyazaki akaamua kuhama kazi. Alikuwa anakaribia miaka 30, hana uzoefu, kampuni nyingi hazikumtaka. FromSoftware walimpokea mwaka 2004 kwa mshahara mdogo kuliko ule aliouacha.

Tuwe wakweli lakini: hakukuta shamba tupu. FromSoftware ilianzishwa mwaka 1986 ikitengeneza programu za maofisini, ikaingia kwenye gemu mwaka 1994 na King's Field, na King's Field tayari ilikuwa na giza, ukimya na milango isiyoeleza chochote. Wanaoandika kana kwamba mtu mmoja aliivumbua studio nzima wanawaonea waliotangulia. Yeye alichofanya ni kuikuta tabia iliyokuwepo na kuipa sababu.

Nafasi yake ilitokana na mradi ulioshindikana. Demon's Souls ilikuwa imekwama ndani ya kampuni, na yeye akaiomba, kwa hesabu aliyoieleza baadaye bila aibu: kitu ambacho watu wameshakikatia tamaa unaweza kukigeuza utakavyo, na kikianguka hakuna atakayeshangaa. Ilitoka Japani Februari 2009, Sony wakiisambaza. Shuhei Yoshida, bosi mkubwa wa gemu wa Sony wakati huo, aliijaribu karibu saa mbili, akawa bado yuko mwanzoni kabisa, akaiona takataka. Sony hawakuitoa Marekani wala Ulaya, kampuni nyingine zikaichukua, na Yoshida mwenyewe amekiri hadharani kwamba waliteleza.

Sasa niwape mambo mawili ambayo kwangu ndiyo yanayomweleza huyu bwana kuliko orodha ya tuzo zake.

La kwanza ni joka. Wakati wa kutengeneza Dark Souls, mchoraji alileta joka lililokufa likaendelea kuishi, limejaa funza, la kutapisha. Miyazaki alilikataa. Alimwambia asitegemee kinyaa, bali atafute huzuni ya mnyama mkubwa, wa fahari, anayeoza polepole na huenda asimalize kuoza. Hakumchorea. Hakumwambia weka pembe hapa, punguza bawa pale. Alimpa hisia na kumwachia kalamu. Yaani pengo lile analotuachia sisi wachezaji anawaachia na wafanyakazi wake kwanza.

Mimi nafanya kazi hizo hizo, ila ngazi ya chini kabisa: nachora kadi za harusi na mabango ya matangazo kwenye steshenari moja hapa Morogoro. Mteja wangu akiona sehemu nyeupe kwenye bango, anaona hela yake imelala pale. "Hapo dada weka hata ua." Naweka ua. Kwa hiyo nikisoma habari za bosi anayemrudishia mchoraji kazi kwa sababu imesema mengi mno, nakaa kidogo kwenye kiti nikiwaza.

La pili ni theluji. Miyazaki aliwahi kusimulia alivyokuwa akipanda kilima kwa gari barabara ikiwa imeganda. Gari la mbele likaserereka na kukwama, ya nyuma yote yakakwama. Kisha gari la nyuma likaanza kulisukuma la mbele yake, na hilo lingine la mbele yake, mpaka wakavuka kilima. Yeye hakuweza kusimama kutoa shukrani, maana akisimama anakwama tena. Akaenda zake akijiuliza kama yule wa mwisho kwenye msururu, asiye na wa kumsukuma, alifika nyumbani. Mwanzo wa ule mfumo wa kuita wenzako kwenye gemu ni huo. Unakuta alama chini, unaigusa, mzuka wa mchezaji mwingine unatokea, mnapigana bega kwa bega, bosi akianguka mwenzio anatoweka. Hamkuongea. Hata ujumbe unaoachwa sakafuni huandiki unavyotaka, unaunganisha maneno waliyokupangia. Ndiyo maana mtu anaweza kukushauri uruke ukaruka, kumbe ni korongo.

(Kwa bando langu mizuka hiyo huja ikiwa inagandaganda. Mara nyingi nacheza bila intaneti, na naipenda hivyo pia.)

Watu hulalamika kwamba gemu zake nyingi hazina kitufe cha kusimamisha. Ukifungua begi kutafuta dawa, adui anazidi kuja. Kwa msichana anayeishi na mama anayeita mara moja na kutarajia "abee" papo hapo, hilo si jambo dogo, nimekufa sana kwa ajili ya vitunguu. Lakini angalieni Sekiro ya mwaka 2019. Ile inasimama. Humo uko peke yako, hakuna mgeni atakayeingia kutoka kwenye intaneti, basi kitufe kimerudi. Pia huchagui mhusika, na silaha yako kuu ni upanga mmoja. Angekuwa mtu wa kanuni za kutesa angekiacha kitufe kifutwe kama kawaida. Na mwenyewe husema si mchezaji hodari, hufa sana tu.

Pengo lina sharti lake, na hapa ndipo wengi wanaomwiga wanapoanguka. Ukinificha kitu, ulichonionyesha lazima kiwe cha kuaminika. Nitaeleza kwa lifti mbili.

Kwenye Dark Souls ya 2011 ukishatoka gereza la mwanzo unashushwa kwenye uwanja wenye moto wa kupumzikia, Firelink, na hakuna anayekunyooshea njia. Wengi huingia makaburini, mifupa inainuka kukukabili, unajifunza kwa kipigo kwamba siko. Unageuka, unapanda mjini, unapita mapaa, madaraja, kanisa. Unatembea sana, na uwezo wa kuruka papo kwa papo toka moto mmoja wa kupumzikia hadi mwingine bado hujapewa. Umechoka, umepotea, hujui uko umbali gani na usalama. Nje ya kanisa kuna lifti, unaingia, inashuka na kushuka, unatoka, na mbele yako ni Firelink ile ile. Niliacha pedi kitandani nikacheka peke yangu. Hakuna ramani iliyoniambia, ila nilirudi kichwani nikapima, na kweli, kanisa lilikuwa juu yangu muda wote.

Dark Souls II ya mwaka 2014 iliongozwa na Tomohiro Shibuya na Yui Tanimura, Miyazaki akiwa kwenye gemu nyingine, Bloodborne. Ina mengi mazuri na mimi huitetea. Lakini humo unapanda hadi kileleni mwa kinu cha upepo, mahali ambapo ukitazama juu ni mbingu tupu, unaingia lifti inayokwenda juu, unatokea kwenye ngome ya chuma inayozama ndani ya ziwa la moto. Juu ya nini? Hakuna kitu. Lile halikuwa pengo la kunifanya niwaze, lilikuwa tundu, na baada ya pale nilipokutana na fumbo lingine ndani ya gemu ile sikujisumbua tena kulifumbua, maana huenda hata wao hawakuwa na jibu.

Huwa nasikia studio ikisemwa kwamba bila Miyazaki haina kitu, na lifti ile hutumika kama ushahidi. Sikubali. Tanimura huyo huyo ndiye aliyekuja kuongoza Elden Ring ya mwaka 2022 pamoja na Miyazaki, na Elden Ring imevuka nakala milioni 30. Armored Core VI ya 2023 iliongozwa na Masaru Yamamura. Ni maroboti na makombora, kasi tupu, lakini watu unaowajua humo huwaoni sura, unawasikia sauti tu kwenye redio. Hizo tabia watu wamezishika. Nadhani sababu ni kwamba tangu Mei 2014 Miyazaki ni rais wa kampuni na bado anaongoza gemu kwa mikono yake. Watu wanajifunza kwa kufanya naye, kama yule mchoraji wa joka.

Elden Ring yenyewe ni jibu kwa kijiwe. Ukitoka tu pangoni, kuna mpanda farasi wa dhahabu anazunguka njiani. Atakuua. Huna haja naye: mpite mbali, tembea ulimwengu, pata farasi wako, nenda popote, rudi ukiwa na nguvu. Hata historia ya dunia ile walimpa mwandishi wa riwaya George R. R. Martin aandike mambo ya kale, kisha wao wakatuletea vifusi vyake.

Wasiwasi wangu uko kwingine. Gemu yao ya Nightreign ya Mei 2025, iliyoongozwa na Junya Ishizaki, ni ya watu watatu wanaokimbizana na muda, na siku hiyo hiyo niliyoijaribu kwa rafiki sikusoma maelezo ya hata kifaa kimoja, na humo ndimo gemu hizi huficha hadithi zake. Nafasi ya kusoma haipo, duara linalojibana linakufukuza. Niliifurahia, na kesho yake sikuwa na cha kuwaza. Sasa The Duskbloods, iliyotangazwa Aprili 2025, nayo ni ya wachezaji wengi pamoja, hadi wanane, na safari hii mwongozaji ni Miyazaki mwenyewe. Nataka sana kuona ataliweka wapi pengo lake katikati ya kelele za watu wanane. Ila ni ya Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo, na bei ya Switch 2 hapa mjini ni kadi za harusi nyingi sana, zote zenye maua.