Aliyebatizwa Usiku na Bibi Yake

Julai 2011, Baba Paroko alipata taarifa kutoka kigango kimoja cha milimani Mufindi: mtoto njiti amebatizwa nyumbani usiku, na bibi yake, kabla gari la kituo cha afya halijafika. Mtoto yu hai. Nikatumwa mimi, katekista, nikawasikilize waliokuwepo na kuandika majibu ya maswali manne: maji gani, nani aliyemimina, nani aliyetamka, na maneno yapi. Maswali hayo hayabadiliki, mtu awe amebatizwa kanisa kuu au jikoni.

Kukubalika kwa ubatizo wa namna hiyo hakukuwa na mjadala. Sheria ya Kanisa Katoliki inasema mhudumu wa kawaida ni askofu, padre au shemasi; katika dharura mtu yeyote mwenye nia ya kufanya anachofanya Kanisa anaweza kubatiza. Yeyote maana yake yeyote: mkunga, jirani, hata Mwislamu au asiye na dini, ilimradi atumie maji, atamke maneno na awe na nia hiyo. Mtaguso wa Firenze, yaani mkutano mkuu wa Kanisa, ulikwisha kuliandika hilo mwaka 1439. Majirani zetu Walutheri nao wana ubatizo wa dharura, na wakunga wao wengi wanaujua kuliko wa kwetu, nasema hivyo kwa aibu kidogo.

Nilimkuta bibi jikoni, moshi umejaa, ukungu umeziba mlango. Mama na mtoto walikuwa bado wamelazwa, mtoto amefungwa kifuani kwa mama yake ngozi kwa ngozi. Baada ya salamu ya kamwene na habari za wagonjwa, bibi alianza kabla sijauliza.

"Mwalimu, maji yalikuwa ya chupa ya chai. Niliyachanganya na ya ndoo. Ningemmwagia ya ndoo peke yake kwa baridi ile, ningemuua mwenyewe."

Alifanya sawasawa. Yawe ya moto, ya baridi, ya mvua, ya kisima au ya mto, yote ni maji. Kilichonipa kazi ni chupa yenyewe. Nikamuuliza kama ilikuwa imebaki na chai. Akasema aliisuuza jioni, akaweka maji matupu kwa ajili ya mzazi. Hapo nikapita. Ingekuwa chai nyepesi ya rangi, ubatizo ungetiliwa shaka. Ingekuwa maziwa, mafuta au ulanzi, pombe yetu ya mianzi, hakuna ubatizo kabisa, hata mtu awe na imani ya kuhamisha milima. Swali la pombe ni la zamani: mwaka 1241 Papa Gregori IX alimjibu askofu mkuu wa Norwei kwamba watoto waliobatizwa kwa bia, kwa sababu maji yalikosekana, hawajabatizwa.

Maneno aliyatamka bila kukwama: "Yohane, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Jina la mtoto si sharti, ukilikosa kwa haraka, sema "nakubatiza" basi. Yasiyoachika ni lile tendo, "nakubatiza", na Nafsi tatu kwa majina yao. Akibatizwa mtu "kwa jina la Yesu" tu, sisi hatumhesabu kuwa amebatizwa. Na tendo liwe la mtu mmoja. Agosti 2020 Roma ilitoa jibu kwamba "tunakubatiza" si halali, na wale waliobatizwa hivyo wabatizwe kwa fomula sahihi. Wapo waliolalamika kwamba ni herufi tu. Si herufi. Anayebatiza ni Kristo kwa mkono wa mhudumu mmoja, si kamati ya ukoo.

Kosa ninalokutana nalo zaidi vijijini linatoka hapo hapo: mmoja ameshika kitabu anasoma, mwingine anamimina. Mkono na mdomo vikitoka kwa watu wawili, kazi yote ni bure. Bibi hakuwa nalo. Alimimina na kutamka mwenyewe, kwa kijiko cha chakula, mara tatu, mara moja kwa kila Nafsi. Kumimina mara moja kungetosha, ila mara tatu ndiyo desturi.

Basi nikadhani kazi imekwisha, nikaanza kukunja karatasi. Mama mdogo wa mtoto, aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasema, "Lakini kofia hamkuivua."

Kimya. Bibi akamtazama mwanawe kwa jicho ambalo sitalieleza.

Mtoto alikuwa amevikwa kofia ya sufi ya kusuka, inayofunika masikio na paji lote, kama watoto wote wa Mufindi mwezi wa saba. Bibi akaeleza kwamba aliisukuma nyuma kwa kidole gumba, upana wa vidole viwili, akamimina pale. Akachukua kofia nyingine iliyoanikwa juu ya moto, akaivisha kwenye ngumi yake, akanionyesha. Mama mdogo ndiye aliyeshika tochi ya simu. Yeye anasema aliona maji yakiingia kwenye sufi na kudondoka ukingoni. Kwenye ngozi hakuona. Nikamuuliza kama anaweza kuapa kwamba hayakugusa ngozi. Akasema hawezi. Nikamuuliza bibi kama anaweza kuapa kwamba yalitiririka. Akasema anaweza, kisha akasita, akasema, "Kulikuwa na giza, mwalimu, na mimi nilikuwa nalia."

Sababu ya kung'ang'ania jambo dogo hivi ni kwamba ubatizo ni kuosha. Maji hayana budi kugusa mwili na kutembea juu yake. Kuchovya kidole na kuchora msalaba wenye unyevu kwenye paji ni baraka nzuri, lakini kuosha kuko wapi? Pamba iliyolowa nayo inaacha shaka. Nywele nyingi zikizuia maji, zitenganishwe kwa vidole hadi ngozi ionekane. Sehemu ni kichwa. Kisipofikika, kifua au bega, na hapo mtu akipona atabatizwa kwa sharti, yaani kwa kutanguliza maneno "kama hujabatizwa". Maji mengi hayahitajiki. Vijiko vitatu vilitosha kabisa, kama viliteremka kwenye ngozi na si kwenye sufi.

Nilipowaambia kwamba Baba Paroko ataamua, ila huenda mtoto akabatizwa kwa sharti, bibi aliuliza swali ambalo nilijua linakuja.

"Kwa hiyo angekufa usiku ule, angekwenda wapi?"

Wengi wa umri wake walifundishwa habari ya limbo, mahali pa watoto wasiobatizwa, pasipo mateso wala kumwona Mungu. Yalikuwa maoni ya wanateolojia yaliyoenea kwa karne nyingi, lakini hayakuwahi kutangazwa kuwa fundisho la imani. Nilimweleza hivyo. Nikamweleza pia kwamba Kanisa halijalegeza neno la Bwana kwa Nikodemo, kwamba mtu asipozaliwa kwa maji na kwa Roho hawezi kuuingia ufalme wa Mungu. Mtaguso wa Trento mwaka 1547 ulimhukumu anayesema ubatizo ni hiari. Lakini Katekisimu ya 1992, namba 1257, inaweka mambo mawili pamoja: Mungu ameufunga wokovu na sakramenti ya ubatizo, ila yeye mwenyewe hafungwi na sakramenti zake. Ndiyo maana mkatekumeni, anayejiandaa kubatizwa, akifa njiani, akiwa ametamani ubatizo na kutubu, anahesabiwa kuwa na neema yake, na anayeuawa kwa ajili ya Kristo kabla ya maji vilevile. Mtoto mchanga hawezi kutamani. Huyo Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, na mwaka 2007 Tume ya Kimataifa ya Teolojia ilitoa hati ndefu ikionyesha kwamba kuna msingi wa kutumaini wokovu wake. Kutumaini, si kujua. Tofauti hiyo ndiyo inayotufanya tuwahi na kijiko.

Baba wa mtoto alikuwa amesimama nje muda wote, akisikia. Yeye anasali kwenye kanisa linalozamisha mtoni, na ni msomaji mzuri wa Biblia. Akaingia, akamwamkia mama mkwe wake kwa heshima zote, akasema kwa upole kwamba tunabishana bure juu ya kofia. "Marko 16:16, mwalimu. Aaminiye na kubatizwa ataokoka. Kuamini kumetangulia. Na asiyeamini ndiye atakayehukumiwa. Hapo maji hayakutajwa. Mnyang'anyi msalabani alibatizwa na nani?"

Nikamjibu kwa askari wa gereza wa Filipi, aliyebatizwa usiku uleule yeye na watu wake wote. Akafunua Matendo 16 papo hapo, akanionyesha mstari wa 34: nyumba yote ilifurahi, maana amekwisha kumwamini Mungu. Watoto wachanga hufurahi kwa kuamini? Alikuwa na haki ya kuuliza. Mstari ule peke yake haumalizi shauri upande wowote, na katekista anayeutumia kama rungu hajausoma hadi mwisho. Sisi tunasimama pia juu ya mapokeo: Origene, mwandishi Mkristo wa karne ya 3, anaandika kwamba Kanisa limepokea kwa mitume desturi ya kuwabatiza watoto. Na tunasema mtoto anabatizwa katika imani ya Kanisa, kisha imani hiyo ilelewe. Isipolelewa, lawama ni yetu. Kuhusu mnyang'anyi tulikubaliana bila shida. Bibi ndiye hakumpenda huyo mnyang'anyi kuletwa jikoni kwake, karibu na jina la mjukuu.

Paroko alisoma ushahidi wa pande zote mbili na kuamua kwamba shaka ni ya kweli. Ingekuwa hakuna shaka, mtoto angeletwa kanisani kukamilishiwa taratibu za ibada tu: Neno, kupakwa mafuta ya Krisma, vazi jeupe, mshumaa, bila maji, kwa kuwa ubatizo haurudiwi. Ingekuwa hakika kwamba maji hayakugusa, angebatizwa kama mwingine yeyote. Katikati ndipo penye sharti.

Ilifanyika Septemba, mtoto ameshanenepa mashavu. Sheria inadai ridhaa ya mzazi mmoja angalau na tumaini la kulelewa Kikatoliki. Mama aliridhia, baba hakupinga. Alikaa benchi la nyuma. Msimamizi alikuwa mama mdogo, mwenye kipaimara na miaka zaidi ya 16, na safari hii kofia aliivua yeye mwenyewe. Kabla ya kuanza, Paroko aliwaeleza waumini kwa nini anatumia maneno tofauti, asije mtu akadhani tunabatiza mara mbili: "Yohane, kama hujabatizwa, mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu."

Katika kitabu cha ubatizo niliandika tarehe ya Septemba, na kwenye safu ya maelezo: amebatizwa kwa sharti, baada ya ubatizo wa dharura nyumbani, Julai, mhudumu akiwa bibi mzaa mama. Bibi aliomba nimsomee kilichoandikwa. Nikamsomea. Akataka jina lake liandikwe kamili, si "bibi" tu, nikaliandika.