Boliti ya Namba 14

Mwezi wa Desemba 2014, nilipokuwa nikiishi Rau, pembezoni mwa mji wa Moshi, niliamua kubadilisha kwa mikono yangu pedi za breki za mbele za Corolla yetu ya mwaka 2003. Fundi tuliyemzoea alikuwa amezidiwa na kazi, kwa kuwa majira hayo Wachagga walioko Dar es Salaam hurudi nyumbani kwa Krismasi na kila gari hutaka kushughulikiwa kwanza. Nami nilijiambia kwamba mwalimu wa fizikia anayeshindwa na boliti nne hana haki ya kuwafundisha watoto wa watu habari za momenti, yaani uwezo wa nguvu kuzungusha kitu.

Kufungua hakukunisumbua. Shida ilikuja wakati wa kuirudisha kalipa, yaani ile taya inayozibana pedi kwenye diski. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba boliti zingelegea barabarani. Kwa hiyo nilichomeka kipande cha bomba la maji, urefu wake kama sentimita 70, kwenye mpini wa spana namba 14 na kuvuta kwa kifua chote. Boliti ya chini ya gurudumu la kushoto ilikaza, ikaendelea kukaza, kisha ghafla ikawa laini mkononi, kama mlango unaousukuma huku mtu wa ndani anaufungua. Niliuelewa vibaya ulaini ule. Nilidhani boliti imekaa mahali pake.

Tarehe 27 nilimpeleka mama Marangu kuwasalimia ndugu. Kupanda kulikuwa salama. Jioni, tukiteremka kuelekea Himo na mkungu wa ndizi kwenye buti, upande wa kushoto ukaanza kugonga kila nilipokanyaga breki.

"Baba, hiyo sauti si ya barabara," mama alisema.

Nilimjibu kwamba ni mawe. Kona mbili baadaye sauti ilikuwa imezidi, nami nikaacha kubishana, nikateremka kwa gia ndogo nikigusa breki kwa woga hadi Himo, ambako tulielekezwa kwa fundi mmoja mzee aliyekuwa akijiandaa kufunga kazi.

Alipiga jeki, akatoa tairi, akaishika kalipa na kuitikisa. Ilicheza. Boliti ya chini ilikuwa imeshikilia kwa nyuzi mbili tatu za mwisho, na kalipa yenyewe ilikuwa imeanza kukwaruza rimu kwa ndani. Aliitoa kwa vidole, bila spana yoyote.

"Mwalimu, hii uliifunga kwa bomba." Halikuwa swali.

"Ndiyo, mzee. Niliogopa isije ikalegea."

Aliiweka kiganjani mwangu karibu na boliti nyingine nzima. Yangu ilikuwa imekonda shingoni na nyuzi zake zimelala upande mmoja. Boliti iliyokazwa sawasawa, alieleza, huvutika kidogo kama mpira wa manati, na kule kutaka kwake kurudi ndiko kunakoshika. Ukiivuta kupita kiasi hairudi tena, na hapo mtikisiko wa barabara huifungua polepole. Niliyajua hayo yote. Nilikuwa nimeyaandika ubaoni miaka sita mfululizo, pamoja na mchoro.

Kijana wake alikwenda kununua boliti na pini yake, yaani kile kijiti cha chuma ambamo boliti hujifunga, kwani nyuzi za ndani ya pini nazo zilikuwa zimeliwa. Mzee alizisafisha kwa brashi kavu na kunikataza kupaka oili, akisema kwamba nyuzi zenye utelezi huifanya boliti ivutike zaidi kwa kipimo kilekile. Kisha akatoa chini ya meza spana ndefu ya kupimia, iliyoviringishwa kwenye kipande cha khanga, akazungusha mpini wake hadi nyutoni mita 34, kipimo cha momenti ya kukazia, na kunikabidhi mimi. Nilivuta. Ikalia "kacha" kabla sijakunja uso.

"Hapo tu?"

"Hapo tu. Zile mbili kubwa zinazoshika mabano yake ndizo za 107. Hizi ndogo zina haya."

Nilisimama pale nikipiga hesabu ambayo ningeweza kumpa mwanafunzi wa kidato cha pili: kwa mkono wa sentimita 70, uzito wa kilo 5 ukining'inizwa mwishoni mwa bomba ungetosha kabisa kuifikisha boliti ile kwenye 34. Mfuko wa sukari wa kilo 5. Mimi nilikuwa nimevuta kwa mwili mzima, tena nikajipongeza.

Niliomba afungue na gurudumu la kulia. Huko boliti moja nayo ilikuwa imeanza kukonda, tukaibadilisha. Giza lilipoingia mzee alirudisha mpini wa spana yake hadi namba ya chini kabisa, akaiviringisha tena kwenye khanga, akataja bei iliyokuwa ndogo kuliko nilivyotarajia. Mama, ambaye muda wote alikuwa amekaa kwenye kigoda bila kusema neno, alimwagiza kijana afungue buti na kukata nusu ya mkungu wa ndizi.

"Na wewe," akaniambia tulipokwisha kuingia garini, "lile bomba ulirudishe bustanini."