Ufunguo mfukoni, foleni Kigongo

Jumapili iliyopita mpwa wangu anayeishi Leicester, Uingereza, alinipigia simu kunieleza kwamba mahakama imempa pointi 10 kwenye leseni pamoja na faini, na kosa lenyewe ni kulala ndani ya gari. Alikunywa harusini, akaona hali yake si ya kushika usukani, akalaza kiti na kujifunika koti. Polisi walipomgongea kioo saa tisa usiku, ufunguo ulikuwa mfukoni mwake. "Sasa mjomba, ningelala wapi?" aliniuliza, nami kwa uchungu wa mtoto wa dada yangu nikamjibu kwamba huo ni uonevu mtupu.

Tangu siku hiyo nimeisoma sheria yenyewe ya barabarani ya huko, ya mwaka 1988. Kifungu chake cha 5 kinamgusa anayeendesha, anayejaribu kuendesha, na hata yule ambaye gari liko mikononi mwake tu, likiwa limeegeshwa na kuzimwa, endapo kilevi kimezidi mikrogramu 35 katika mililita 100 za pumzi, ambacho ndicho kiwango cha Uingereza. Huyo wa tatu anaweza kufungwa hadi miezi 3. Mlango wa kutokea upo, ila ni mwembamba: athibitishe kwamba hapakuwa na uwezekano wa yeye kuliendesha gari hilo kabla kilevi hakijashuka. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, na mwaka 2004 majaji wa Baraza la Malodi, mahakama ya juu kabisa ya huko wakati ule, waliona kwamba jambo hilo halimnyimi mtu haki. Mpwa wangu, kwa ukweli wake, alikwisha kuwaambia polisi kwamba saa kumi na mbili asubuhi anatakiwa kazini.

Hapo nikaikumbuka Kigongo. Zama za pantoni, kabla Rais Samia Suluhu Hassan hajazindua daraja la kilomita 3 mwezi Juni 2025, tuliotoka Mwanza kwenda Sengerema tulipanga foleni pale kungojea kuvushwa hadi Busisi. Usiku mmoja nilikuwa nimetoka kwenye sherehe Nyegezi, nimekunywa bia sita. Shemeji yangu, ambaye hanywi, aliniendesha hadi kwenye foleni, akanikabidhi ufunguo, akapanda bodaboda kurudi kwake Usagara. Nililala nikijiona mtu mwenye busara kuliko wote waliokuwa pale.

Lakini foleni ya pantoni hailali. Kila chombo kilipopakia, wa nyuma alipiga honi, nikashtuka, nikawasha gari, nikasogea hatua kadhaa, nikazima na kurudi usingizini. Nilifanya hivyo mara tatu. Ile ya tatu sikuwasha hata taa, na mama muuza sato wa kukaanga, beseni kichwani, alikuwa akipita kati ya gari langu na lori lililokuwa mbele. Nilijua yupo pale kiganja chake kilipopiga boneti, pa! Akainama, akanitazama kupitia kioo, akasema, "Baba, utatuua," kisha akaendelea kumhesabia utingo wa lori chenji yake.

Kulipopambazuka nilinawa uso kwa maji ya ziwa, nikanywa chai ya rangi, nikaamini nimepona. Sasa najua kwamba mwili huondoa kilevi kwa kadri ya miligramu 15 hivi katika kila mililita 100 za damu kwa saa, na kwamba chai wala maji ya baridi hayaongezi kasi hiyo. Nimejaribu kuzipiga hesabu bia zile sita mpaka saa niliyoteremka Busisi na kushika njia ya Sengerema, na sijaipenda hesabu hiyo.

Jana mpwa wangu ameniuliza kama nitamsaidia kuandika barua ya kulalamika. Badala ya barua nimemwandikia habari ya Kigongo, yote, pamoja na kishindo cha kile kiganja. Ameisoma, bado hajajibu.