Vile nilitoa sifuri iliyokuwa inaua programu ya mizani ya miwa

Kuna programu ya C ya mizani ya miwa huku pande za Muhoroni, iliandikwa kitambo kwa kompyuta ya biti 32, na mwenyewe akataka ihamie kwa Raspberry Pi ya biti 64 juu ile mashine ya zamani ilikuwa imechoka. Nikaikompaili, ikakubali bila neno. Risiti fupi zikatoka poa. Lakini ile ndefu, yenye namba ya trekta, mkulima, zoni, uzito ikiwa imejaa, uzito ikiwa tupu, tarehe, saa na kadhalika, hapo programu inakufa papo hapo na madereva wako nje kwa jua wanapiga honi.

Risiti ilikuwa inaunganishwa na funkshoni moja inaitwa unga, unaipea maneno yoyote unayotaka halafu mwisho unaweka 0 kumaanisha basi. Sasa, ukiandika p = 0 ama if (p == 0), kompaila (ile inageuza kodi kuwa programu ya mashine) inajua p ni pointa, yaani anwani ya mahali kwa memori, so inageuza hiyo 0 kuwa pointa tupu (isiyoonyesha popote) ya hiyo mashine, hata kama kwa memori pointa tupu yenyewe si biti za sifuri (kompyuta za Prime 50 zilikuwa hivyo, si hadithi). Lakini unga imetangazwa na nukta tatu (...), yaani inapokea vitu idadi yoyote, na hapo kompaila haijui unataka nini, kwake 0 ni int tu (namba nzima ya kawaida), baiti 4, na pointa hapa ni baiti 8. Kwa biti 32 zote zilikuwa 4, nani angeshtuka?

Na mbona fupi zilipita? ARM ya biti 64 hupitisha vitu 8 vya kwanza kwa rejista (visanduku vidogo ndani ya prosesa), na ukiandika nusu ya chini ya rejista ile ya juu inafutwa, so 0 inafika safi. Cha 9 kinaenda kwa staki, sehemu ya memori ya kazi za muda, kompaila inaandika baiti 4, zile zingine 4 zinabaki na takataka ya kazi iliyopita. Unga inasoma zote 8, inaona hiyo si tupu, inafuata anwani ya uongo, kwisha.

Kusaka kwa macho sikutaka, mafaili ni mengi. Niliweka __attribute__((sentinel)) pale unga inatangazwa, hiyo inaambia kompaila kitu cha mwisho lazima kiwe pointa tupu, nikakompaili na -Wall (washa maonyo), gcc, ndiyo kompaila yangu, ikanitolea kila laini yenye shida, zote nikaandika (char *)0, yaani sifuri iliyotajwa wazi kuwa pointa. Kuna wenye watasema weka NULL tu, lile jina la C la pointa tupu, lakini standadi inaruhusu NULL iwe 0 kavu, so kwa nukta tatu mimi siiamini. C23, toleo jipya la standadi, imeleta nullptr, pointa tupu isiyo namba, safi sana, ila gcc ya pale ilikuwa ya zamani.

Kulikuwa pia na memset inajaza strakti (kifurushi cha data) biti za sifuri halafu pointa za ndani zinachukuliwa ni tupu. Standadi haiahidi hiyo, lakini kwa Pi inafanya, nikaiacha na komenti juu yake.