Nilivyozuia nazi kuzama kwenye brauni za boksi

Tatizo: nazi mbichi na maziwa mazito ya kopo yakimwagwa juu ya rojo la brauni (keki nzito za chokoleti, hapa za unga wa boksi uliochanganywa tayari), huzama, na katikati hubaki ubichi hata kingo zikiungua. Nazi ina maji mengi, maziwa yana uzito, na rojo bado halijashika.

Dawa ni kuchelewesha. Ikune nazi 1, ikamue tui (litafaa mchuzi wa pweza), kisha kaanga chicha kwenye kikaango kikavu, moto mdogo, mpaka iwe rangi ya hudhurungi. Usiiache hata kidogo, huungua ghafla. Ichanganye na maziwa mazito nusu kikombe, iliki nusu kijiko cha chai na chumvi kidogo.

Koroga unga wa boksi kama ilivyoandikwa, ila punguza maji vijiko 2 vya chakula. Trei ya sentimita 20, oveni nyuzi 175. Baada ya dakika 20 uso ukishakauka, tandaza nazi na korosho zilizokaangwa, rudisha dakika 12 hivi.

Karafuu? Chembe tu, la sivyo itakuwa dawa ya jino. Kata zikishapoa kabisa. Zikiwa moto, nazi yote hufuata kisu.