Nimelipa ada ili nijue maana ya CIF

Mama aliposikia narudi shule aliuliza swali moja tu. "Biashara si ndiyo unayofanya kila siku? Unaenda kusomea nini tena?"

Sikuwa na jibu la kumpa mzazi. Mimi ni wakala wa forodha hapa Dar. Kazi nimeianza 2014 nikiwa msichana wa kubeba mafaili, ofisi hii kwenda ile, soli za viatu zinaishia barabarani, hadi nikaanza kukabidhiwa wateja wangu mwenyewe wa Kariakoo. Ukweli ni kwamba nilitaka cheti. Pale ofisini umeneja ulikuwa unaenda kwa mwenye masta, na mimi nilishachoka kuwafundisha kazi mabosi wangu. Basi Oktoba 2023 nikajiandikisha shahada ya uzamili ya biashara ya kimataifa, madarasa ya jioni, ada kwa awamu nne.

Darasani tulikuwa mchanganyiko. Watu wa benki wenye tai zilizolegezwa, vijana waliotoka digrii ya kwanza moja kwa moja, na maofisa wawili wa forodha ambao mchana huwa nawapigia magoti wanipitishie mzigo na jioni wananiomba niwapigie picha desa la wiki iliyopita. Kipindi kinaanza saa 11:30 na nusu ya darasa tunasinzia ikifika saa moja.

Siku ambayo sikusinzia ni ile ya masharti ya mauzo, yale wanayoyaita Incoterms. Yanatungwa na Chama cha Kimataifa cha Biashara kule Paris, na toleo la sasa, lenye masharti 11, lilianza kutumika Januari 1, 2020. CIF ni mojawapo: bei ya mzigo, bima na nauli kwa pamoja. Nilikaa mbele kabisa. Hili lilikuwa somo langu, bwana. Mhadhiri akachora meli ubaoni, meli mbaya kama bakuli lenye mlingoti, akauliza: "Bei ni CIF Dar es Salaam. Meli iko katikati ya bahari, mzigo umeharibika. Hasara ya nani?"

Mkono wangu ndio ulionyooka wa kwanza. "Ya muuzaji. Yeye ndiye aliyelipia mpaka Dar."

"Nani anakubaliana na dada?"

Mikono ikapanda, ya maofisa wangu wawili ikiwemo. Mhadhiri akaturuhusu tufurahi kidogo, kisha akaandika mistari miwili chini ya meli. Mmoja ukatoka bandari ya Uchina ukafika mpaka Dar: pesa. Muuzaji analipa gharama, nauli ya meli na bima. Wa pili ulikatika pale pale Uchina, mzigo ulipokwisha kupandishwa melini: hatari. Kuanzia hapo, kitakachoupata mzigo ni msiba wa mnunuzi, hata kama nauli hakuilipa yeye.

Nikabaki nautazama ule mstari mfupi.

Nijitetee kidogo. Kwetu sisi watu wa kliaringi, CIF ni namba. Ushuru wa forodha hapa Afrika Mashariki unakokotolewa juu ya thamani ya mzigo ukijumlisha bima na nauli, kwa hiyo hata mteja akinunua kwa FOB, yaani bei isiyo na nauli ya meli wala bima, sisi tunaongeza nauli na bima ili tupate CIF ya kulipia ushuru. Miaka 9 nimeiandika, nimeijumlisha, nimegombana na watu kwa sababu yake. Kwamba ni mkataba unaosema nani alie, hilo halikuwahi kunipitia kichwani.

Halafu nikamkumbuka Mama Vitenge. Simtaji jina, ila Kariakoo wapo watakaomjua.

Mwaka 2016 alileta kontena la futi 20, vitenge tupu, wakati huo ukiwa mtaji wake karibu wote. Tulikwenda naye bandari kavu kushuhudia ukaguzi. Kijana akakata sili kwa lile koleo refu, akavuta mlango, na kabla hatujaona kitu tukasikia harufu. Ile harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye beseni siku tatu, izidishe mara marobota yote ya kontena. Juu kabisa, kwenye kona ya bati, palikuwa na mwanga wa jua unaopita, tundu dogo, hata kidole changu kidogo hakingepenya. Mama wa watu hakupiga kelele. Aliingiza mkono kwenye robota la kwanza, akauchomoa ukiwa na rangi ya kitenge, akaufuta kwenye dera lake.

Akaja sarveya wa bima. Alikuwa na kichupa cha dawa. Siku hizi najua ni nitrati ya fedha. Akadondosha matone mawili kwenye maji yaliyotuama sakafuni na yakageuka meupe kama maziwa. "Chumvi," akasema. "Haya ni maji ya bahari, si ya mvua." Nilifurahi! Nilimshika Mama Vitenge mkono nikamwambia ushahidi huo hapo, tutalipwa.

Hatukulipwa. Barua ya bima ilikuja na aya moja ya Kiingereza kigumu, niliisoma mara tatu nikaielewa nusu, nikamwendea mteja wangu na maneno haya, nayakumbuka yote: "Mama, haya ya bahari ni ya Mungu." Mafundi wa kushona mifuko wakachukua marobota kwa bei ya kutupa. Yeye akauza kiwanja cha Chanika ili arudi mjini.

Sasa, wiki iliyofuata darasani tukafika kwenye bima zenyewe. Bima ya mizigo ya baharini ina madaraja matatu, A, B na C. A inabeba karibu kila ajali, isipokuwa vitu vilivyotajwa kuwa havimo. C ni ya chini kabisa: meli kuzama, kuungua, kugongana na mambo makubwa ya namna hiyo. Maji ya bahari kupenya ndani ya kontena yamo kwenye B. Kwenye C hayamo. Na sharti la CIF linamtaka muuzaji akate ya kiwango cha chini tu, yaani C, mpaka mnunuzi aombe zaidi.

Sikungoja kipindi kiishe. Kesho yake asubuhi nikapanda stoo ya ofisi nikalitafuta lile faili. Cheti cha bima kilikuwepo, karatasi ya kijivu, na mwishoni mwa mstari mmoja, ndani ya mabano, herufi C. Ilikuwa inaonekana kwa shida, kwa sababu nilikuwa nimepiga juu yake muhuri wa kampuni yetu.

Nisiwadanganye kwamba masomo yote yalinichoma hivyo. Takwimu nilipata sapu na sitaki kuizungumzia. Usimamizi wa fedha za kigeni ulipita kama daladala iliyojaa. Lakini niliwahi kusimama kubishana na nadharia ya Uppsala. Mwaka 1977 Waswidi wawili, Johanson na Vahlne, waliandika kwamba kampuni haikurupuki kwenda mbali. Inaanza na soko inaloelewa, inajifunza, ndipo inasogea. Kabla ya hapo kulikuwa na utafiti wa kampuni nne za kwao, Volvo ikiwemo. Nikasema Kariakoo hawajaisoma hiyo, wateja wangu wameijua Guangzhou kabla ya kuijua Kampala.

"Na kabla ya Guangzhou?" mhadhiri akauliza.

"Dubai."

"Kwa nini Dubai?"

Nikaanza kujibu na katikati ya jibu nikajisikia nimenaswa. Kwa sababu ukifika unamkuta ndugu wa Kizanzibari anayeongea Kiswahili, chakula unakijua, msikiti upo, mwenye duka anakukopesha kwa kuwa anamjua shemeji yako. Wale Waswidi hawakuwa wanapima kilomita. Walikuwa wanapima lugha, desturi, kuelewana. Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo wa miaka ile, Dubai ilikuwa jirani kuliko Lusaka. Nilikaa chini. Ila kwa Guangzhou bado nabisha: jirani wa fremu akirudi na mzigo unaotoka, hukai ukajifunza taratibu, unakata tiketi.

Tasnifu yangu nikaamua iwe juu ya hili la CIF: wafanyabiashara wadogo wanaelewa nini wanaponunua. Dodoso niliandika kwa Kiingereza kwa sababu chuo kinataka hivyo, kisha nikalitafsiri. Swali la saba lilitoka hivi: "Ni katika hatua gani hatari huhama kutoka kwa muuzaji kwenda kwa mnunuzi?" Mzee wa kwanza niliyempelekea akashusha miwani. "Hatari ipi, majambazi?" Nikalifuta. Likawa: "Mzigo ukiharibika njiani, hasara ya nani?"

Dodoso nililipeleka dukani kwa Mama Vitenge mwisho kabisa, kwa woga. Alifika swali la saba, hakunyanyua kichwa. "Yangu. Si wewe uliyeniambia ni ya Mungu?"

Nikamweleza yote. Tundu, maziwa, herufi C, muhuri wangu. Nikamwambia pia kwamba siku hizi kuna agizo la kukata bima ya mizigo inayoingia kwa kampuni za hapa nyumbani, lakini hata cheti cha hapa kina herufi yake, aiangalie.

Alisikiliza huku anakunja vitenge vya mteja. "Hiyo A ingelipa?"

"Ingelipa, mama."

"Inaongeza kiasi gani?"

Nikamtajia. Akavuta kalkuleta, akabonyeza, akaitazama kwa muda mrefu kuliko hesabu yenyewe ilivyohitaji. "Hii ni pesa ya mifuko ya kubebea," akasema taratibu.

Nikaanza kuomba msamaha, akanikata. "Mwanangu, nina mzigo unapakiwa mwezi ujao. Kaa hapo uniandikie hiyo A ilivyo, nimtumie Mchina sasa hivi."

Karatasi nyingine haikuwepo. Nikaandika nyuma ya dodoso, kwa herufi kubwa, akalipiga picha, akatuma WeChat, kisha akalikunja akalitia ndani ya pochi yake ya pesa. Msimamizi wangu anataka madodoso 60. Ninayo 59.